Mama Akiandikwa kwa Kihindi Anakuwa Mjomba: Stori ya Herufi za Kuazima

Kidato cha pili nilikaa dawati moja na kijana ambaye kwao ni Wagujarati wa Ngara. Siku moja mvua inanyesha, mwalimu wa hesabu hajatokea, nikamwambia aniandikie vitu kwa Kihindi, ile lugha nyanyake alikuwa amemfunza kusoma. Nikamwambia aanze na mama. Akaandika मामा, akaangalia, akaanza kucheka peke yake. Kwani? Akaniambia hiyo inasomeka "mama" sawa kabisa, lakini kwa Kihindi maana yake ni mjomba. Tukajaribu kaka: काका. Huyo ni baba mdogo. Tukajaribu dada: दादा. Huyo sasa ni babu, baba ya baba. Kwa dakika tano familia yangu yote ilikuwa imegeuka wanaume.

Halafu tukafika kwa jina langu, ambalo lina z katikati. Hapo akasita kidogo. Akaandika herufi ya j, akaiwekea nukta chini, akanipa karatasi. Nikamuuliza hiyo nukta ni ya nini, akasema, "Hatuna z, kwa hivyo tunatumia j halafu tunaiambia isijifanye j."

Nimebeba hiyo sentensi miaka kadhaa sasa. Kumbe ndani ya hiyo nukta kuna historia ya zaidi ya miaka 2,000, kuna wafalme, kuna mashine ya taipu, na kuna watu waliopigwa risasi barabarani. Wacha nianze polepole.

Kwanza turekebishe kitu kimoja. Watu wengi, hata mimi zamani, hudhani kuna "mwandiko wa Kisanskriti," yaani herufi zilizozaliwa pamoja na hiyo lugha ya kale ya India. Hakuna. Kisanskriti kwa karne nyingi kilikuwa lugha ya mdomo na kumbukumbu. Watu walikariri maandiko marefu ajabu bila kuandika hata neno. Maandishi ya mwanzo makubwa tunayoyajua ya jamii hii ya herufi, unaoitwa Brahmi, ni yale ya mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyechonga amri zake kwenye miamba na nguzo sehemu nyingi za India. Na hakuchonga kwa Kisanskriti. Alichonga kwa Prakrit, lugha za watu wa kawaida. Kule Junagadh, Gujarat, kuna mwamba mmoja mkubwa wenye maneno ya Ashoka, na juu ya mwamba huo huo, karibu mwaka 150 baada ya Kristo, mtawala mwingine, Rudradaman, akachonga yake. Ya Rudradaman ndiyo Kisanskriti. Kwa hivyo ukihesabu kutoka kwa huo mwamba, lugha kubwa ya wasomi ndiyo iliyokuja baadaye kutumia herufi za lugha ya mtaa. Napenda hiyo sana, sitadanganya.

Devanagari, hizi herufi zenye mstari juu kama zimeanikwa kwa kamba ya nguo, zilikuja baadaye sana. Na hata hizo hazikuwa za Kisanskriti peke yake. Mtu wa Bengal alikiandika kwa herufi za Kibengali, mtu wa kusini kwa Grantha, mtu wa Kashmir kwa Sharada. Ni uchapishaji wa vitabu, karne ya 19, uliofanya watu waone Devanagari kama "ndiyo yenyewe."

Lakini kuna kitu Kisanskriti kilichangia, na ni kitu kizito: mpangilio. Wasomi wake walikuwa wamechunguza mdomo wa binadamu kama fundi anavyochunguza injini. Alfabeti yetu ya a, b, c, d haina mantiki yoyote. Kwa nini b inafuata a? Hakuna anayejua na hakuna anayejali. Ya kwao inaanza kooni na kutoka nje: ka, kha, ga, gha, nga. Mstari wa pili ulimi unapanda juu: cha, chha, ja, jha, nya. Halafu ulimi unajikunja nyuma, halafu unagusa meno, halafu unafika midomoni: pa, pha, ba, bha, ma. Mistari mitano, kila mmoja herufi tano, jumla 25. Jaribu kuisema kwa sauti hapo ulipo, hata kama uko ndani ya matatu. Utasikia sauti ikitembea mdomoni mwako kutoka nyuma hadi mbele.

Kitu cha pili: kila konsonanti inakuja na irabu a ndani yake tayari. Herufi ya k si "k," ni "ka." Ukitaka ki, ku, ke ama ko unabandika alama pembeni, juu ama chini. Ukitaka k tupu bila irabu, unaweka kimkwaju cha kuua hiyo a. Ni mfumo mtamu. Na ulipoanza kusafiri na watawa wa Kibudha, makuhani na wafanyabiashara, ulienda mbali: Tibet, Sri Lanka, Burma, Kambodia, Thailand, Java, hadi visiwa vya Ufilipino. Mahali pengi hakukuwa na jeshi lililobeba herufi. Watu walizitaka wenyewe.

Shida ni kwamba herufi zilizokaa vizuri kwa lugha moja zikivalishwa lugha nyingine ni kama suruali ya ndugu yako mkubwa. Mahali pengine ni refu, mahali pengine linabana.

Chukua Tibet. Masimulizi yao wenyewe yanasema mfalme Songtsen Gampo, karne ya 7, alimtuma waziri wake Thonmi Sambhota aende India akasome na kurudi na mwandiko. Wanahistoria hubishana kuhusu huyo Thonmi, lakini kazi iliyofanywa inaonekana kwa macho. Aliyetengeneza alikaa chini na ile meza ya sauti akaanza kupunguza. Kitibeti hakina gha, jha, dha, bha zile za pumzi nzito? Toa. Hakina zile sauti za ulimi kukunjwa? Toa. Lakini kina tsa, tsha na dza, ambazo Kisanskriti hakina. Akachukua cha, chha na ja, akaziwekea kibendera kidogo juu kila moja. Tayari. Akabaki na konsonanti 30 na alama nne za irabu. Kazi safi.

Halafu ikatokea kitu cha kuchekesha. Watibeti walitaka kuandika pia maneno matakatifu ya Kisanskriti, yenye zile sauti za ulimi kukunjwa walizokuwa wamezitupa. Wangefanya nini? Walichukua herufi zao za t, d na n wakazigeuza, zikaangalia upande wa pili, kama kwenye kioo. Hadi leo ukiona herufi ya Kitibeti imegeuka kinyume, jua hapo kuna mgeni wa Kihindi.

Lakini suruali ilibana mahali kwingine. Karne zikapita, watu wa Lhasa wakabadilisha matamshi, na maandishi yakabaki pale pale. Neno la nane linaandikwa kwa herufi za b, r, g, y, d, na mtu wa Lhasa analitamka kitu kama "gye." Herufi nyingine zote zimekaa kimya kama wageni wa harusi wasiomjua bwana harusi. Wewe ukilia juu ya tahajia ya Kiingereza, kuna mtoto Tibet anakuangalia tu.

Thailand nako walifanya kinyume. Hawakutupa. Walibeba karibu kila kitu. Kisanskriti kina s za aina tatu, na Kithai hakina tofauti hiyo, lakini kwa heshima ya maneno ya dini na ya kifalme wakazichukua zote tatu, halafu wakaongeza ya kwao. Leo Kithai kina herufi nne zote zinazosema s. Kwa jumla ni konsonanti 44. (Ndiyo, 44, kama ile nambari tuliyowapa Wakenya wenye asili ya Asia mwaka 2017 walipotambuliwa kuwa kabila la 44. Haina uhusiano, lakini nilicheka.)

Usikimbilie kusema ni upotevu. Kithai ni lugha ya toni: neno lile lile ukilipandisha ama ukilishusha sauti linabadilisha maana. Kisanskriti hakikuwa na alama za kazi kama hiyo. Lakini herufi ambazo zamani zilikuwa za ga, ja, ba zilipopoteza sauti yao ya awali na kufanana na kha, cha, pha, tofauti haikufa, ilihamia kwenye toni. Kwa hivyo herufi mbili zinazoonekana kuwa sauti moja zinamwambia msomaji apandishe ama ashushe sauti. Sauti ilikufa, herufi ikapewa kazi mpya. Wakaongeza pia alama ndogo za toni juu ya herufi. Hapo hakuna mtu aliyepanga kutoka mwanzo, ni lugha na herufi zikivumiliana hadi zikazoeana.

Na kuna mbili kati ya hizo 44 ambazo hakuna anayezitumia. Mwaka 1892 Mmarekani Edwin McFarland alitengeneza taipureta ya kwanza ya Kithai. Vitufe havikutosha. Kithai kina herufi nyingi, alama juu, alama chini, toni, yaani vurugu. Akaacha herufi mbili nje, zile ambazo watu huzikumbuka kwa maneno chupa na mtu. Zilikuwa tayari hazitumiki sana, lakini taipureta ndiyo iliyopiga msumari. Bado ziko kwenye orodha ambayo watoto hukariri shuleni. Ukifikiria vizuri, mashine iliamua ni herufi gani inaishi. Leo ni simu inayofanya hivyo. Kama kibodi yako inahitaji vidole vitatu kuandika kitu, hicho kitu kinaenda kufa, wala hakuna sheria itakayokiokoa.

Sheria yenyewe ilijaribiwa pia. Mwaka 1942, wakati wa vita, waziri mkuu wa Thailand, Plaek Phibunsongkhram, aliamuru tahajia irahisishwe na zile herufi za ziada ziondolewe. Alipotoka madarakani mwaka 1944, watu wakarudisha kila kitu. Kiongozi mwenye jeshi alishindwa na herufi za s.

Ufilipino sitakaa sana, ila kuna kitu kimoja lazima kisemwe. Mwandiko wao wa zamani, Baybayin, ni mjukuu wa hizi herufi za India, lakini ulifika bila kile kimkwaju cha kuua irabu. Kwa hivyo neno likiishia na konsonanti, hiyo konsonanti ya mwisho haiandikwi tu. Msomaji ajijazie. Wenyeji waliishi nayo sawa, maana waliijua lugha yao. Mhispania aliyetaka kuchapisha mafundisho ya dini ndiye aliyesumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1620 padri Francisco López aliongeza alama ya msalaba chini ya herufi kuonyesha irabu imeondolewa. Haikushika. Watu hawakuona shida iliyokuwa ikitatuliwa.

Na Japan, ambao hawakuchukua herufi zenyewe kuandikia lugha yao, walichukua ile meza. Watawa waliosoma maandiko ya Kisanskriti ndio waliopanga silabi za Kijapani: a, ka, sa, ta, na, ha, ma. Inatoka kooni kwenda midomoni, ni ile ile. Utauliza ha inafanya nini karibu na ma, kwani ni sauti ya midomo? Zamani ilikuwa pa. Meza imeweka kumbukumbu ya sauti ambayo Wajapani wenyewe waliacha kuisema. Kama unaangalia anime na umewahi kujaribu kukariri hiragana, asante mwambie mtu wa India wa kale.

Sasa turudi kwa nukta ya rafiki yangu.

Kihindi kimejaa maneno ya Kiajemi na Kiarabu, sawa na Kiswahili. Zamin, zindagi, fursat. Kisanskriti hakina z wala f. Kwa hivyo wakachukua j na kuiwekea nukta chini, ikawa z: ज, ज़. Wakachukua pha, wakaiwekea nukta, ikawa f: फ, फ़. Na nyingine za koo, kama kh na gh zile zetu za Kiarabu. Ni suluhisho rahisi kabisa, lakini hiyo nukta imebeba mzigo. Kihindi na Kiurdu barabarani ni karibu lugha moja. Mhindi na Mpakistani wanaelewana bila mkalimani. Kinachowatenganisha zaidi ni mwandiko. Mwaka 1900 serikali ya kikoloni kaskazini mwa India, chini ya Anthony MacDonnell, iliruhusu herufi za Nagari zitumike mahakamani pamoja na zile za Kiajemi. Kwetu inasikika kama habari ya makarani. Kwao ilikuwa ajira: nani anaweza kuandika hati, nani anapata kazi ya serikali, nani anabaki nje. Herufi zikawa dini, dini ikawa siasa. Watu wengi leo wanaandika Kihindi bila kuweka hizo nukta. Wengine ni uvivu, kama sisi tunavyoandika "ngombe" bila kile kialama. Lakini wengine wanaona nukta ni ya mgeni na hawaitaki.

Kisindhi kilipitia makali zaidi. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, Wasindhi wengi Wahindu walikimbia Sindh, iliyobaki Pakistan, wakaingia India bila jimbo la kwao. Lugha yao ilikuwa inaandikwa kwa herufi za asili ya Kiarabu. Nchi mpya, majirani wapya, watoto shuleni wanasoma Devanagari. Wengine wakasema tuandike Kisindhi kwa Devanagari basi, tusije tukapotea. Wengine wakasema tukiacha herufi zetu ndiyo tumepotea. Wakabishana, na India ikaishia na miandiko yote miwili, hadi leo. Kuna familia ambapo babu aliandika barua na mjukuu anaongea Kisindhi lakini hawezi kuisoma hata mstari.

Hapa kuna kitu kinachotuhusu kabisa. Kisindhi kina b, d, g na j ambazo hewa inavutwa ndani kidogo badala ya kusukumwa nje. Devanagari haikuwa nazo, kwa hivyo waliziwekea kistari chini: ॿ, ॾ, ॻ, ॼ. Unajua nani mwingine anavuta hewa hivyo? Wewe. Sema "baba" polepole kama Mswahili wa Pwani. Sema "dada." Hiyo ni sauti ile ile ya Kisindhi. Sisi hatukuiwekea alama kwa sababu hatuna b ya aina ya pili ya kuchanganya nayo.

Nilisema kuna watu waliopigwa risasi. Hao ni Wabodo, kaskazini mashariki mwa India, jimbo la Assam. Lugha yao haina undugu na Kisanskriti, iko upande wa Kitibeti na Kiburma. Mwaka 1952 waliunda chama cha fasihi, Bodo Sahitya Sabha, na mwaka 1963 lugha yao ikaanza kufundishia shule za msingi. Swali likawa: kwa herufi gani? Walikuwa wakitumia za Kiassam, za jirani mkubwa anayewatawala jimboni. Wengi, hasa vijana, wakataka herufi za Kirumi, hizi zetu. Mwaka 1974 wakaanza kuzitumia shuleni. Serikali ya jimbo ikakataa. Ikawa migomo, maandamano, na polisi wakafyatua risasi. Watu walikufa. Kwa ajili ya a, b, c.

Mwaka 1975 serikali kuu ilikuja na njia ya katikati: si za Kiassam, si za Kirumi, chukueni Devanagari. Wakakubali. Ni mwandiko ambao kabla ya hapo si wengi waliokuwa wanaupigania. Maoni yangu? Hiyo njia ya katikati haikuwa ya katikati. Herufi za Kirumi zilionekana za kigeni, za wamishonari, na Devanagari ikaonekana ya nyumbani, lakini nyumbani kwa nani? Kwa mtu wa Delhi. Kibodo kina irabu ambayo Kisanskriti hakina, ile unayotamka u lakini midomo umeitandaza kama unatabasamu. Kwa Kirumi walikuwa wameipa herufi w. Kwa Devanagari ikabidi alama ya o ifanye hiyo kazi, na o yenyewe ikapewa kialama juu kama kile cha ng'. Jina la lugha yao wenyewe sasa linaandikwa बर', na hicho kialama mwishoni.

Lakini lazima niwe mkweli, imefanya kazi. Mwaka 2003 Kibodo kiliingia kwenye orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba ya India. Kuna vitabu, kuna shule, kuna watoto waliozaliwa ndani ya hizo herufi na kwao ndizo za kawaida. Mwaka huo huo kiliingia Kisantali, lugha ambayo wenyewe walichoka kuazima. Mwalimu Raghunath Murmu aliangalia herufi za Kibengali, za Kiodia, Devanagari na za Kirumi, akaona zote hazitoshi, akabuni za kwake mwaka 1925, Ol Chiki. Na zile herufi hazina ile a ya ndani. Kila sauti na herufi yake.

Sasa ndiyo nirudi nyumbani. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa suruali ya kuazima, za Kiarabu, karne kadhaa kabla ya hizi za Kirumi. Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v, na hakitofautishi e na i wala o na u. Washairi wa Pwani wakaongeza nukta na alama zao, sawa kabisa na yule jamaa wa Tibet na kibendera chake. Halafu Wazungu wakaja, mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ukachagua lahaja ya Unguja, na Kiswahili sanifu kikavalishwa Kirumi. Tunasema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Si kweli. Ni cha sanifu kinachoandikwa hivyo.

Nilijua hivyo kwa sababu ya mchezo wa kijinga. Nilikuwa najaribu kuandika Kiswahili kwa Devanagari, nione kitakaa aje. "Nyama" inakaa vizuri, herufi ya ny ipo. "Ng'ombe" inakaa vizuri kuliko hapa kwetu, kwa sababu ng' ni herufi moja kamili, haihitaji kialama. "Mtu" unaua ile a ya m na kuiunganisha na tu. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, yaani ni kama huu mfumo ulitengenezewa sisi. Halafu nikagonga ukuta: v na w ni herufi moja. Vazi na wazi zinaandikwa sawa. Vaa na waa, sawa. Nikaona hapa Kirumi kimeshinda.

Lakini nyanya yangu mzaa mama ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwa Kimvita, paa la nyumba na paa yule swala si neno moja. La pili lina pumzi, unaweza kuihisi ukiweka kiganja mbele ya mdomo. Kaa la moto na kaa wa baharini, vile vile. Pia wana t mbili, moja ya meno na moja ya nyuma kidogo. Kwenye vitabu vyetu vya shule hizo tofauti hazipo, kwa hivyo mimi, mjukuu wake niliyekulia Nairobi, sikuwahi kuzisikia. Nilidhani ni lafudhi tu. Na ile meza ya Kisanskriti ina p bila pumzi na p yenye pumzi, k bila pumzi na k yenye pumzi, t ya meno na t ya nyuma, zote zimepangwa kwa mstari zikisubiri. (Siku hizi watu wengi wa Kihindi wanaitamka hiyo pha kama f, lakini ya asili ni p yenye pumzi.)

Nilipomtembelea Desemba nilichukua karatasi nikaandika mbili, पा na फा. Nikamweleza: nyanya, hii haina pumzi, hii ina pumzi. Akaziangalia kwa muda, miwani puani.

"Sasa hii," akaweka kidole kwenye ya kwanza, "ndiyo ya juu ya nyumba."

Nikamwambia ndiyo.

Akasogeza kidole kwenye ya pili. "Na huyu ndiye wa kuliwa." Akasema jina lake, na kwa mara ya kwanza maishani nikaisikia ile pumzi. Halafu akaniambia nilirudie. Nikalirudia mara nne. Akasema bado nalisema kama mtu wa bara.